Tuimbe Usiku, Tudai Haki Asubuhi





Kuna neno moja ambalo sisi Wakristo hulitamka karibu kila mara tunapokutana na mtu aliye katika dhiki. Neno hilo ni "Vumilia." Tunalitamka kando ya kitanda cha mgonjwa, tunalitamka matangani, tunalitamka mlangoni kwa baba aliyeachishwa kazi. Kisha tunasali Baba Yetu na Salamu Maria, tunaaga, tunakwenda zetu. Katika toleo hili tumeona vema tulichunguze neno hilo. Si neno baya, kwa maana Bwana wetu mwenyewe alivumilia msalaba. Lakini tumejifunza, katika kazi hii ya haki na amani, kwamba neno hilohilo laweza kuwa mkate kwa mmoja na jiwe kwa mwingine.

Tumtazame mama mmoja. Hatumtaji jina, kwa kuwa hakuna kigango kisichomfahamu. Amefiwa na mumewe, matanga yameanuliwa, na siku chache baada ya arobaini shemeji zake wanaingia uani. Wanamwambia kwamba shamba ni mali ya ukoo, na nyumba ilijengwa juu ya ardhi ya ukoo. Yeye arudi kwao, na watoto watabaki na bibi yao. Jioni ile jumuiya inakuja kusali naye. Injili inasomwa, nyimbo zinaimbwa vizuri, na kabla ya kuondoka mmoja wa viongozi anamshika mkono na kumwambia, "Vumilia, mama. Mungu anaona. Hata Ayubu alinyang'anywa vyote." Mama anaitikia, "Amina." Juma linalofuata, mabati ya nyumba yanaezuliwa.

Je, jumuiya ile ilimletea mama yule tumaini la Kikristo? Au ilimsaidia tu kunyamaza, ili kazi ya waliomwonea iwe rahisi zaidi? Hili ndilo swali letu. Hatuliulizi ili tumlaumu mtu. Wengi wetu tumewahi kuwa yule aliyemshika mkono.

FARAJA MBILI ZISIZOTOSHA

Kwa kuwa Ayubu ametajwa, na tuanze naye. Wale rafiki zake watatu walipofika na kumwona katika hali ile, waliketi naye chini mchana na usiku kwa siku saba, wala hawakusema neno. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walikosea walipofungua vinywa. Walimweleza sababu za mateso yake, wakamhimiza akubali kwamba ameyastahili, wakamtetea Mungu kwa kumhukumu mtu aliyelala majivuni. Ayubu hakukubali. Alilia, alihoji, alidai apewe nafasi ya kuieleza kesi yake mbele za Mungu. Na mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia wale rafiki, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Basi anayemtaja Ayubu ili mtu aliyeonewa anyamaze, hajakisoma kitabu hicho hadi mwisho.

Faraja ya pili isiyotosha imeenea sana katika miji na vijiji vyetu tangu miaka ya 1990. Ni ile inayosema kwamba mwenye imani ya kweli hateseki. Mgonjwa anaambiwa kwamba hajapona kwa sababu ana mashaka. Maskini anaambiwa apande mbegu ya fedha ili avune utajiri. Mama aliyefiwa anauziwa maji na mafuta ya upako. Faraja ya kwanza humwambia mtu asidai kitu, na hii humwahidi kila kitu. Zote mbili zinafanana katika jambo moja: zinaukwepa msalaba. Ya kwanza inaukwepa msalaba wa kusimama pamoja na anayeonewa. Ya pili inaukwepa msalaba wa kukaa na anayeteseka wakati ambapo hakuna muujiza.

Basi tumaini la Kikristo li wapi? Tunawaalika twende pamoja katika mji wa Filipi, kama unavyoelezwa katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume.

USIKU MMOJA KATIKA MJI WA FILIPI

Paulo na Sila walifungwa Filipi kwa sababu ya msichana mmoja mtumwa. Msichana huyo alikuwa na pepo wa kuagua, na mabwana zake walikuwa wakijipatia faida kubwa kwa kumtumia. Paulo alimfukuza yule pepo kwa jina la Yesu. Mabwana wale hawakufurahi kwamba binti amefunguliwa. Waliona tu kwamba mapato yao yamekwisha. Wakawakamata Paulo na Sila, wakawaburuta hadi sokoni mbele ya wakuu wa mji. Tena hawakusema mbele ya wakuu kwamba wamepoteza fedha. Walisema kwamba watu hawa ni Wayahudi, wageni wanaouchafua mji wetu kwa desturi zao. Ndivyo ulivyo uonevu hata leo: sababu yake ni mali, lakini husimama barazani umevaa vazi la mila, au la kabila, au la usalama wa nchi.

Wakapigwa fimbo hadharani bila kuhukumiwa. Wakatupwa katika chumba cha ndani kabisa cha gereza, miguu ikafungwa kwa mkatale. Na usiku wa manane, migongo ikiwa bado inatoka damu, walikuwa wakisali na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wakiwasikiliza.

Habari hii tumeihubiri mara nyingi, na kwa haki. Huo ndio uso wa kwanza wa tumaini. Mtu aliyefungwa miguu anaimba, kwa sababu ndani yake mna mahali ambapo mkatale haufiki. Tetemeko lilikuja baadaye, wimbo ulitangulia. Hawakuimba kwa sababu milango imefunguliwa. Na milango ilipofunguka hawakukimbia, bali walimwokoa mlinzi wa gereza aliyekuwa tayari kujiua, na mlinzi yule akawaosha majeraha na kuwapa chakula nyumbani mwake.

Lakini wahubiri wengi huishia hapo. Tunawaomba mwendelee kusoma. Kulipopambazuka, wakuu wa mji waliwatuma askari kusema kwamba watu wale waachiwe waende zao. Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ilikuwa habari njema. Angekuwa mmoja wetu angeshukuru, angechukua kilicho chake na kuondoka upesi kabla wakuu hawajabadili nia. Paulo alikataa. Alieleza kwamba yeye na Sila ni raia wa Roma, kwamba wamepigwa hadharani bila hukumu, jambo ambalo sheria ya Kirumi ililikataza, na kwamba hawatakubali kutolewa kwa siri. Waliowafunga waje wenyewe kuwatoa. Wakuu walipata hofu. Wakaja wenyewe, wakawasihi, wakawatoa. Hata hapo Paulo hakuondoka mjini mara moja. Alipita kwanza nyumbani kwa Lidia, akawatia moyo ndugu waliokuwa wakikusanyika humo, ndipo akashika safari.

Tuutafakari usiku ule pamoja na asubuhi yake. Aliyeimba ni yuleyule aliyedai haki. Hakudai kwa sababu wimbo umemwishia, wala kuimba kwake hakukuwa njia ya kusahau kwamba ameonewa. Twaamini pia kwamba hakuwa akitetea heshima yake tu. Alikuwa akiliacha nyuma Kanisa changa, akina Lidia na familia ya mlinzi wa gereza. Kama wakuu wangezoea kuwapiga Wakristo bila hukumu na kisha kuwafukuza kimyakimya, nani angefuata kupigwa? Wahenga walisema kwamba subira huvuta heri. Hawakusema kwamba subira hufunga kinywa.

KURIDHIKA NI SHULE

Miaka ilipita, na Paulo akajikuta tena kifungoni. Kutoka huko aliwaandikia Wakristo walewale wa Filipi waraka ambao umejaa furaha kuliko nyaraka zake nyingine. Katika sura ya 4 anawaambia kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Ajua kupungukiwa na ajua kuwa na vingi, na yote anayaweza katika yeye amtiaye nguvu. Bila shaka yule mlinzi wa gereza, kama alikuwapo maneno hayo yaliposomwa mbele ya jumuiya, aliyaelewa kuliko wote.

Tuangalie mambo mawili katika maneno hayo. La kwanza, Paulo anasema kwamba amejifunza. Kuridhika hakukumjia kama usingizi. Ni shule yenye madarasa mengi, na wengi wetu tungali darasa la kwanza. Kwa hiyo tusimhukumu ndugu anayelia leo kana kwamba hana imani. Yumo shuleni.

La pili, mistari michache baadaye Paulo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Walimtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, ambaye aliugua katika utumishi huo hata akakaribia kufa. Mtu aliyejifunza kuridhika hakuwaambia, "Mimi sihitaji kitu, kaeni kwenu." Aliupokea msaada wao kama sadaka yenye harufu nzuri. Basi kuridhika kwa Kikristo si ugumu wa moyo wa mtu anayejitosha peke yake. Kunasimama juu ya miguu miwili: nguvu za Kristo, na ndugu wanaokuja na kikapu mkononi.

BINTI WA DARFUR

Msichana yule mtumwa wa Filipi hatajwi tena katika Maandiko. Lakini dada zake walikuwa wengi katika bara letu, na mmoja wao Kanisa linamheshimu leo kama mtakatifu.

Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, nchini Sudan, karibu mwaka 1869. Alitekwa nyara angali mtoto. Hofu ilimfanya alisahau jina alilopewa na wazazi wake, hili la Bakhita alipewa na waliomteka, nalo lina asili moja na neno letu "bahati." Aliuzwa na kuuzwa tena katika masoko ya El Obeid na Khartoum, akapigwa, akachanjwa mwilini makovu aliyoyabeba hadi kaburini. Mwishowe alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia, akawa yaya katika familia moja. Alipowekwa kwa muda kwa masista Wakanosa mjini Venezia, ndipo alipofundishwa habari za Mungu ambaye, kama alivyosema mwenyewe baadaye, alikuwa amemhisi moyoni tangu utotoni bila kumjua.

Bibi yake alipokuja kumchukua ili warudi Afrika, Bakhita alikataa. Alimpenda bibi yule, na mtoto aliyemlea alimpenda zaidi, lakini alikataa. Shauri likafika mbele ya wakuu wa serikali na wa Kanisa, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, na hivyo yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Akawa mtawa, akatumikia kwa miaka mingi mjini Schio kama mpishi, msakristia na mlinda mlango, na akafa tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa Kumi na Sita, alipoliandikia Kanisa lote waraka juu ya tumaini, alimweka mama huyu wa Kiafrika mwanzoni mwake kama mfano wa mtu aliyelipokea tumaini kweli.

Bakhita alisema hata neno ambalo ni gumu kulisikia: kwamba kama angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa katika njia ile alimfahamu Kristo. Neno hili lisitumiwe vibaya. Alilisema mtu huru. Kinywa hicho ndicho kilichosema "hapana" huko Venezia. Angekubali kurudishwa utumwani, kisha akaambiwa asamehe, tungekuwa na habari nyingine kabisa. Tunaposuluhisha magomvi katika jumuiya zetu, na tuikumbuke hatua hii. Msamaha ni wa lazima kwa Mkristo, lakini haumlazimu mtu arudi chini ya fimbo.

ASKOFU KIFUNGONI

Shahidi wetu mwingine anatoka mbali, nchini Vietnam, lakini kwa namna fulani ni wa nyumbani mwetu, kwa sababu alikuja kuiongoza ofisi ya Roma ambayo Tume zote za Haki na Amani ziliitazama kama mama yao.

Askofu François-Xavier Nguyễn Văn Thuận aliteuliwa mwezi Aprili 1975 kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Saigon. Siku chache baadaye mji huo ulitekwa, na tarehe 15 Agosti ya mwaka uleule, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akakamatwa. Alikaa kifungoni miaka 13 bila kushtakiwa mahakamani, na 9 kati ya hiyo alikuwa peke yake.

Mwanzoni aliteswa sana na wazo la kungoja. Alikuwa na umri wa miaka 47, mwenye nguvu na mipango mingi kwa ajili ya kundi lake, na sasa siku zilipita bure. Ndipo alipoamua jambo ambalo lilimwokoa: hatangoja. Ataiishi kila saa iliyopo, na kuijaza upendo. Akaanza na alichokuwa nacho. Aliandika tafakari fupi nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani, na mtoto mmoja akazitoa kwa siri, zikanakiliwa na kusambazwa kwa waamini. Aliwaomba watu wake dawa ya tumbo, nao wakaelewa, wakamletea chupa ndogo ya divai. Kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono aliadhimisha Misa. Walinzi wake walibadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa kila aliyekaa naye alianza kuwa rafiki yake. Mmoja wao alimruhusu akate kipande cha mti achonge msalaba, naye akauficha ndani ya kipande cha sabuni.

Alifunguliwa tarehe 21 Novemba 1988. Lakini mwaka 1991 alikwenda Roma na hakuruhusiwa kurudi kuishi katika nchi yake. Mwaka 1998 Papa alimweka kuwa Rais wa Baraza la Kipapa la Haki na Amani. Chini yake ilianza kazi ya kuandika Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, kitabu kilichotoka mwaka 2004, miaka miwili baada ya kifo chake. Mtu aliyejifunza kuridhika na matone matatu ya divai hakuridhika kuiona dunia ikikosa haki.

MATESO YASIYO NA HAKIMU

Yapo mateso yaliyoletwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu waweza kuyaondoa. Yapo pia ambayo hakuna mahakama inayoweza kuyasikiliza. Saratani haiitwi shaurini. Mtoto aliyekufa harudishwi kwa rufaa. Na hata palipo na hakimu, si kila mwenye haki hushinda. Yule mama tuliyeanza naye aweza kufuata kila ngazi, na bado akalikosa shamba. Tungekuwa waongo kama tungemwahidi vinginevyo.

Hapo ndipo imani yetu inapopimwa. Kama tumaini letu lingekuwa ni ushindi wa kesi tu, lingekufa siku ya hukumu. Lakini sisi tunamfuata aliyeshindwa katika mahakama. Yesu alihukumiwa na Pilato ilhali Pilato mwenyewe alitamka kwamba haoni kosa, na rufaa yake ilisikilizwa siku ya tatu. Aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono yenye alama za misumari. Hakuzificha. Vivyo hivyo Bakhita aliingia uzimani na makovu yake, na Askofu Văn Thuận alikufa ugenini. Kwa wote wawili, neno la mwisho halikubaki mikononi mwa waliowatesa.

Basi kwa mgonjwa asiyepona, kwa mzazi aliyezika mtoto, kwa aliyeshindwa kesi ambayo alistahili kushinda, hatuna maelezo ya kutoa. Tuna Kristo aliyepita hapo, nasi tuna miguu ya kufika na masikio ya kusikiliza. Zile siku saba za kwanza za rafiki za Ayubu zingali shule nzuri. Mara nyingi furaha tulivu tunayoikuta kwa wagonjwa wetu hukua polepole, katika sala fupi, katika Komunyo inayoletwa kitandani, katika uji unaoletwa na jirani bila kuombwa.

KAZI YA JUMUIYA

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, walitaka imani ifike uani, penye kilio na penye chungu. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wote: neno "vumilia" lisitamkwe tena peke yake. Liende na kitendo.

Jumuiya inapokwenda kusali kwa mjane, isali kwa moyo wote. Kisha kabla ya kuaga, viongozi wamwulize kwa faragha: Je, mirathi imefunguliwa? Kuna hati yoyote ya shamba? Watoto wana vyeti vya kuzaliwa? Nani ametishia kukutoa? Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Lipo baraza la ardhi la kijiji kwa ajili ya usuluhishi, ipo Mahakama ya Mwanzo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kumwongoza asiye na fedha za wakili. Mambo haya yatangazwe baada ya Misa kama tunavyotangaza michango. Na siku ya baraza, watu wawili au watatu wa jumuiya wamsindikize mama huyo, waketi nyuma yake kimya na rozari mkononi. Uwepo wao peke yake hubadilisha namna watu wanavyosema naye.

Tena tusiwasahau shemeji zake. Nao mara nyingi ni waamini wenzetu, na pengine mmoja wao huimba kwaya. Waendewe kwa upole na kwa ukweli, mapema, kabla mabati hayajaezuliwa. Kudai haki kwa Mkristo hakuanzi kwa chuki, wala hakumalizikii katika kumshinda ndugu. Paulo aliwataka wakuu waje wenyewe. Hakutaka wapigwe fimbo kama alivyopigwa yeye.

Bwana wetu alipotaka kutufundisha kusali daima bila kukata tamaa, katika sura ya 18 ya Injili ya Luka, angeweza kumchagua mtawa aliye kikanisani. Alimchagua mjane aliye mlangoni kwa hakimu dhalimu, anayekwenda na kurudi akidai apatiwe haki yake. Mama huyo ndiye mwalimu wetu wa sala. Tukimwambia akae nyumbani na kunyamaza, tunamtoa katika mfano ambamo Yesu mwenyewe alimweka.

Ndugu wapendwa, mwaweza kuwa mnasoma kurasa hizi mkiwa na mizigo ambayo hakuna anayeijua. Tunawaombea wimbo wa usiku wa manane, ule usiongoja milango ifunguke. Tunawaombea pia ujasiri wa asubuhi. Na pale ambapo ninyi mmepumzika kidogo na mwenzenu ndiye yumo gerezani, tunawaombea moyo wa Epafrodito, mkashike njia na kumpelekea kikapu.

Amani ya Kristo ikae nanyi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika jumuiya yetu tumemwambia "vumilia" mwaka huu, na tulirudi kwake mara ngapi baada ya kusema hivyo?

2. Je, yupo miongoni mwetu anayejua taratibu za mirathi na ardhi, na anayeweza kuwafundisha wengine? Kama hayupo, tumwombe nani?

3. Wagonjwa wetu ambao hawatapona wametufundisha nini juu ya kuridhika?